Stendi ya simu kwa stopu mosheni ya nyumbani: aina tano nilizojaribu Moshi na Arusha, kuanzia ya kununua hadi ya kuiacha dukani

Kama una simu inayopiga picha safi na unataka kutengeneza filamu fupi za stopu mosheni nyumbani, usikimbilie kununua simu nyingine. Nunua kwanza kitu cha kuishika hiyo uliyo nayo. Wengi wanaonijia na hamu ya kazi hii huulizia kamera, na mimi nilianza hivyohivyo. Lakini filamu nilizoziona zikiharibika mikononi mwa wanaoanza, zangu zikiwamo, nyingi ziliharibiwa na stendi.

Kazi yenyewe ni hii: unapiga picha, unasogeza kikaragosi kidogo, unapiga nyingine, na ukizipitisha haraka kikaragosi kinatembea. Sinema ya kawaida hupitisha fremu 24 kwa sekunde. Sisi wa nyumbani tunapiga picha 12 kwa sekunde, kila moja inakaa fremu mbili, na mtazamaji anaridhika. Hata hivyo dakika moja inadai picha 720. Filamu yangu ya bibi anayeteremka mlimani na mkungu wa ndizi kichwani ina sekunde 40, yaani picha 480, na ilinichukua jioni sita. Jioni zote hizo simu ilitakiwa ikae palepale, isiiname, isigeuke, huku mkono wangu ukipita mbele yake mara 480.

Simu ikiinama kidogo tu wakati jukwaa lako liko sentimita 30 mbele ya lenzi, utaona. Ukuta wa nyuma utaruka, na bibi aliyekuwa anatembea vizuri atakuwa kama yuko ndani ya daladala kwenye barabara ya mashimo. Programu za kutuliza picha zipo, ila zinatuliza kwa kukata kingo za fremu, na kama ulipanga mgomba usimame pembeni kabisa, mgomba unaondoka.

Jaribu kabla ya kulipa

Boksi halitakusaidia sana. Nimewahi kununua stendi mbili zenye boksi la picha ileile, miezi michache imepita kati yake, na ndani zilikuwa na viungo tofauti kabisa. Kwa hiyo nenda na simu yako yenyewe, ikiwa na kava lake, ufanye majaribio mawili palepale.

La kwanza naliita jaribio la picha mbili. Funga simu kwenye stendi na uiinamishe kama utakavyoinamisha mbele ya jukwaa la mezani, lenzi ikitazama chini kidogo. Elekeza kwenye kitu chenye maandishi, kalenda ya ukutani inafaa sana. Piga picha. Baada ya hapo usiguse stendi. Ongea bei, kunywa maji, subiri dakika kumi, kisha piga ya pili kwa kutumia taima ili kidole kisiisukume simu. Fungua hizo picha mbili na upitishe kidole kwenda na kurudi. Maandishi yakikaa palepale, stendi inashika. Yakipanda juu, simu inainama taratibu, na kiungo kinachoinama ndani ya dakika kumi kitakuangusha ndani ya saa mbili.

La pili ni fupi. Gonga meza kwa ncha ya kidole huku ukitazama kioo cha simu, uhesabu mpaka picha itulie. Ikitulia kwenye moja au mbili, sawa. Ikifika tano, rudisha.

Wauzaji wengi hawana shida na hili ukienda asubuhi kabla wateja hawajajaa. Mimi husema, "Kaka, naomba dakika kumi tu, ikikaa naichukua." Yupo mmoja karibu na stendi ya mabasi Moshi aliyeniambia, "Dada, hii ngumu, inabeba hata tableti," lakini hakutaka niijaribu. Nilimshukuru nikaendelea na safari.

Bei ninazotaja ni nilizolipa mimi baada ya kupatana. Zako zinaweza kupanda au kushuka.

Ya kwanza: ubao wa fundi seremala

Ninayoiweka juu ya zote hutaikuta kwenye duka la simu. Inatengenezwa, na mimi yangu nilitengenezewa Majengo.

Ni ubao mmoja mpana, plaiwudi ya milimita 18, futi tatu kwa futi mbili. Upande mmoja kuna nguzo fupi ya mbao, kama sentimita 50, yenye matundu yaliyotobolewa kila baada ya sentimita tano. Kwenye tundu unalolitaka unapitisha bolti, na mwisho wa bolti unafunga kishikio cha simu, kile kidogo cha plastiki chenye springi. Jukwaa lako, yaani mlima, nyumba, mgomba, unalijenga upande wa pili wa ubao uleule.

Hapo kwenye "ubao uleule" ndipo penye thamani yote. Nyumba yetu iko karibu na barabara, na lori zito likipita, meza inatetemeka. Jirani akianza kutwanga, inatetemeka. Mpwa wangu akipita mbio na kugonga kona ya meza, ndiyo usiseme. Simu ikiwa kwenye stendi yake sakafuni na jukwaa likiwa mezani, kila kimoja kinakwenda njia yake na picha inaruka. Vikiwa juu ya ubao mmoja, meza ikisogea, simu na mlima na bibi vinasogea pamoja, na kwenye picha hakuna kilichobadilika isipokuwa mwanga kidogo. Nimegongwa kona ya meza katikati ya tukio, nikapiga picha iliyofuata, na leo hata mimi siwezi kukuonyesha ni ipi.

Nilipompelekea fundi mchoro, nilimkuta anapiga randa.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, mwanangu. Lete kazi."

Aliutazama mchoro, akauliza simu ina uzito gani mpaka itake nguzo nene kama ya kitanda. Nikamweleza kwamba uzito si tatizo, tatizo ni kutikisika. Akachukua kipande cha mninga kilichobaki kwenye kazi nyingine, akakisimamisha juu ya ubao, akakisukuma kwa dole gumba. Akatikisa kichwa. "Nguzo bila mikono itacheza," akasema, na akaongeza vipande viwili vya pembetatu, kimoja kila upande wa shina la nguzo, vikatiwa gundi na skrubu. Mchoro wangu haukuwa navyo. Ukienda kwa fundi wako, hivyo viwili usikubali vikosekane.

Mbao iwe kavu. Paina mbichi ni rahisi na inakubali msumari, lakini inapokauka inajipinda, na nguzo iliyonyooka mwezi huu mwezi ujao inaangalia dirishani. Ulizia masalio ya mninga au mkangazi. Karakana nyingi huwa navyo kwenye kona, vifupi mno kwa kitanda lakini vinatosha kwa nguzo yako.

Sasa bolti, maana hapa watu wengi wanapoteza kishikio. Tundu la skrubu kwenye vishikio vya simu na chini ya kamera ni la robo inchi. Kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ukiagiza kwa namba ya spana, ukasema "nipe ya kumi", utapewa bolti ya milimita sita. Kwa macho zinafanana. Ya milimita sita inaingia mizunguko miwili, inalegea, na ukiilazimisha inakula nyuzi za kishikio. Sema "robo inchi", na uende na kishikio chenyewe ujaribishe kwa vidole kabla ya kulipa. Urefu nao upime: ncha ikipita sana itaugusa mgongo wa simu. Ongeza washa mbili na nati, ili bolti ijibane kwenye nguzo yenyewe kabla ya kufika kwenye kishikio.

Mimi nililipa 25,000 kwa fundi pamoja na mbao, 5,000 kwa kishikio, na 1,500 kwa bolti na vikorokoro vyake.

Kasoro zake ni za kweli. Huwezi kupanda nao basi kwenda kupiga filamu kwa rafiki Usa River. Huwezi kubadilisha pembe katikati ya kazi kwa urahisi. Na unakula meza nzima, jambo ambalo kwa aliyepanga chumba kimoja si dogo, ingawa jukwaa likiwa fupi unaweza kuubeba ubao na vyote vilivyomo ukausukumia chini ya kitanda mpaka kesho.

Kinachosumbua zaidi ni simu. Wengi wetu tuna moja, na asubuhi inatakiwa kazini. Kila jioni lazima irudi palepale ilipokuwa jana. Dawa yake: gundisha vigingi viwili vidogo vya mbao kwenye kishikio, kimoja chini ya kona ya simu na kingine ubavuni, simu ikirudi iegemee hapohapo. Kisha fungua programu yenye kivuli cha picha iliyotangulia, ile inayoonyesha picha ya mwisho kwa wepesi juu ya unachokiona sasa, na usogeze mpaka mistari ilalie mistari. Na ukishafunga simu, iweke kwenye hali ya ndegeni. Ujumbe wa muamala ukiingia na simu ikatetemeka ndani ya kishikio, kazi ya jioni nzima imesogea.

Ya pili: tripodi ya alumini ya miguu mitatu

Kama unataka kitu cha kununua leo na kutumia leo, nunua hii. Yangu niliipata Arusha, upande wa Stendi Ndogo, kwa 45,000. Lakini kabla ya kununua mpya, ulizia kwa wapiga video wa harusi na kipaimara. Wengi wanabadilisha vifaa, na tripodi zao za zamani za chuma kizito zimekaa tu stoo. Uzito unaomchosha mpiga video anayezunguka ukumbini, kwako ndio unaoutaka.

Itumie ikiwa fupi. Sehemu za chini za miguu ni nyembamba kuliko za juu, kwa hiyo usizitoe kabisa. Tanua miguu, kaa na meza fupi au stuli. Mhimili wa katikati nao uuache chini. Kama una ndoano chini yake, tundika mfuko wa mchele wa kilo mbili, ila mfuko uguse sakafu kidogo, vinginevyo utabembea na kuisumbua tripodi badala ya kuituliza. Kwenye vigae miguu inateleza, kwa hiyo ibane kwa mkanda wa gundi na uchore alama kwa chaki kila mguu ulipo.

Tripodi nyepesi za plastiki zenye mkono mrefu wa kugeuzia zina tabia moja: ukishakaza mkono na kuuachia, kichwa kinashuka kidogo. Elekeza juu kidogo ya unapotaka, kaza, achia, subiri, ndipo uanze. Na baada ya hapo huo mkono usiuguse tena. Kama unafungua kwa skrubu, uondoe kabisa, kwa sababu ndio unaoparazwa na kiwiko ukiinama kusogeza kikaragosi.

Ya tatu: stendi ya ringi laiti

Hii ndiyo inayouzwa kila kona, na huenda tayari unayo kwa ajili ya video za biashara. Taa ya duara ya inchi kumi na stendi yake niliinunua kwa 38,000. Kwa kuwa unapata taa na stendi kwa pamoja, wengi wanaona ni ununuzi mmoja unaomaliza kila kitu. Kwa mtu anayeongea mbele ya simu, ndiyo. Kwa stopu mosheni inahitaji kufanyiwa kazi kwanza.

Shida ni mbili. Simu inakaa katikati ya duara juu ya kishingo kifupi kinachonyumbulika, na hicho ndicho kinachoinama. Pili, taa inatoka palepale lenzi ilipo, kwa hiyo mwanga unamwagika usoni mwa kikaragosi bila kivuli, kila kitu kinakuwa bapa kama karatasi, na kwenye macho ya shanga inaonekana pete nyeupe.

Zote mbili zinatibika. Fungua taa na kishingo chake, uziweke pembeni. Juu ya bomba la stendi mara nyingi kuna skrubu ya robo inchi ileile. Funga kishikio cha simu hapo moja kwa moja. Shusha bomba zote mpaka chini, weka dumu la maji la lita tano juu ya miguu. Taa yenyewe ifunge kwenye mgongo wa kiti upande wa kushoto au kulia wa jukwaa, juu kidogo. Ghafla mlima una upande wa jua na upande wa kivuli. Na kwa kuwa taa hizi zinakula umeme wa waya wa chaja, pawabenki inaziwasha hata umeme ukikatika.

Ukifanya hivyo, stendi ya ringi laiti inaikaribia tripodi. Usipofanya, iko chini sana.

Ya nne: pweza

Ni ile ndogo yenye miguu mitatu ya viungo vya mpira inayojikunja na kung'ang'ania popote. Nililipa 12,000. Kwa simu nyepesi inashika saa moja, saa mbili; kwa simu kubwa yenye kava la ngozi, kiungo cha mviringo chini ya kishikio kinazidiwa. Kwenye jaribio la picha mbili, yangu ilifaulu na simu ya zamani ikashindwa na simu ya sasa.

Naitunza kwa jambo moja ambalo nyingine haziwezi. Ukitandaza miguu yake chini kabisa, lenzi inakuwa karibu na usawa wa kikaragosi, na bibi wa sentimita 14 anaonekana mrefu kama mtu. Kwa tukio fupi la sekunde mbili tatu kutoka chini, pweza anatosha. Kwa filamu nzima, hapana.

Ya tano: shingo ndefu ya kubana mezani

Mkono mrefu wa waya uliovikwa plastiki, mwisho mmoja una kibano cha meza, mwingine kishikio cha simu. Ni rahisi, 10,000 hivi, na dukani inapendeza sana kwa sababu inafika popote, hata juu kabisa ya meza ikitazama chini. Mimi ndiyo niliyoanza nayo.

Filamu ya bibi niliipiga mara ya kwanza kwa shingo hiyo. Nilikaa jioni mbili, picha 214, bila kuona kosa lolote, kwa sababu kati ya picha moja na inayofuata tofauti haikuonekana. Asubuhi ya tatu nikazipitisha zote kwa mfululizo. Bibi alikuwa anashuka hatua kwa hatua, kama nilivyotaka, lakini mlima wote ulikuwa unapanda chini ya miguu yake, taratibu, kama mkate ndani ya oveni. Shingo ilikuwa imeinama muda wote huo, na kadiri lenzi ilivyotazama chini ndivyo kila kitu kilivyosogea juu ya fremu. Bibi aliteremka picha 214 akaishia pale alipoanzia. Nilizifuta.

Kibano nacho kinashika meza ileile unayoigusa kila mara, na mkono mrefu kiasi hicho unalizidisha tikiso dogo mpaka linakuwa kubwa. Ipe nafasi moja tu: kushika taa ndogo. Taa ikishuka kidogo, madhara yake si makubwa kama ya lenzi.

Taa, kabla hujatumia pesa iliyobaki

Baada ya stendi, kinachoharibu zaidi ni mwanga kubadilika. Watu wanaamini mwanga wa dirishani ni wa bure. Jua husogea nyuzi 15 kila saa, na wewe ndani ya saa moja umepiga pengine picha 40. Ukizipitisha, kivuli kinazunguka mlima mzima ndani ya sekunde tatu na ushee. Ongeza mawingu yetu: Juni na Julai Moshi inaweza kufunikwa mpaka mchana, kisha jua litoke mara moja ukiwa katikati ya hatua ya mguu wa kulia.

Ziba dirisha. Khanga haizibi, mwanga unapita. Blanketi zito au mashuka mawili ya kimasai yaliyokunjwa yanaziba. Piga usiku kama unaweza, kwa balbu moja au mbili zisizobadilishwa mpaka filamu iishe. Balbu za kuchaji zile za kusaidia umeme ukikatika usizitumie kwa kupigia, zinafifia kadiri betri inavyoisha, na hutagundua mpaka umalize.

Ukinunua balbu ya LED, iombe iwashwe dukani na uielekezee kamera ya simu. Ukiona mistari ya giza inapita kwenye kioo, iache. Umeme wetu ni wa hezi 50, na balbu hafifu inawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lenzi inaona. Kama simu yako ina sehemu ya kupanga kamera kwa mkono, weka kasi ya kupiga picha (shutter) iwe 1/50 au 1/100 ya sekunde na mistari mingi itapotea. Katika sehemu hiyohiyo funga mwanga, fokasi na mizani ya rangi nyeupe (white balance) visibadilike vyenyewe. Simu ikiachwa ijiamulie, kila mkono wako unapoingia na kutoka itafikiri upya, na filamu itakuwa inapepesa.

Na vaa nguo nyeusi. Niliwahi kuhangaika wiki nzima na mwanga uliokuwa unacheza upande mmoja wa jukwaa, nimebadilisha balbu, nimebadilisha waya, kumbe ni shati langu jeupe. Nikisogea karibu lilirudisha mwanga kwenye mlima, nikikaa mbali unatoweka.

Vidogo vingine

Rimoti ya Bluetooth, 5,000, inunue. Au tumia hedifoni za waya kama simu yako bado ina tundu lake. Kwenye simu nyingi kitufe cha kuongeza sauti kinapiga picha. Lengo ni kidole kisiguse simu.

Programu: Stop Motion Studio ina toleo la bure linalotosha kwa filamu ya kwanza. Usilipie chochote mpaka umalize angalau moja.

Nafasi ya kuhifadhi: ukipiga kwa kamera ya kawaida na kila picha ikawa megabaiti nne, dakika moja inakaribia gigabaiti tatu. Hamisha kila usiku.

Mifupa ya kikaragosi: waya wa alumini uliosokotwa mara mbili. Waya wa shaba unaobaki kwa mafundi umeme unapatikana bure lakini ukikunjwa mara nyingi mahali pamoja unakuwa mgumu na kukatika, na unakatika gotini, ndani ya udongo, usikoweza kufika bila kumchana bibi mguu.

Udongo ndio wa kuchagua kwa makini. Udongo wa mfinyanzi ni mzuri kwa mlima na nyumba, vitu visivyosogea, ila kwa kikaragosi unakauka na kupasuka usiku mmoja. Nunua plastisini, ambayo haikauki. Mwalimu mmoja wa sanaa wa Bath, Uingereza, William Harbutt, aliibuni mwaka 1897 kwa ajili ya wanafunzi wake, waliohitaji udongo usiokauka wakiwa bado wanaufanyia kazi. Ile ya boksi dogo la watoto la rangi kumi na mbili inatosha kwa vikaragosi viwili. Chagua kwa kuminya: ikikuachia mafuta mengi kwenye vidole, itashika vumbi na nywele, na kila alama ya kidole itaonekana kwenye filamu. Rangi nyeupe nunua boksi la ziada, kwa kuwa inachafuka kwanza, na usiiguse kabla hujanawa mikono.

Arusha kwenye baridi ya Julai plastisini inakuwa ngumu kama jiwe, na ukiilazimisha mkono wa bibi unachomoka begani. Mimi siku za kupiga huko kwa dada yangu huiweka mfukoni mwa sweta tangu saa kumi jioni, na ikifika saa mbili usiku iko tayari.